Kisa cha mwimbaji wa tena aliyekuwa anapasuka kwenye noti ya G: tulivyomuongezea renji (eneo la noti anazofikia) kwa kumpunguzia nguvu

Alikotokea

Huyu kijana nitamwita Baraka. Sio jina lake, na kanisa na mji nimeviacha makusudi. Ana miaka 20 na kitu, kazi yake konda wa daladala, na ameimba kwaya tangu yuko sekondari. Huko sekondari alikuwa besi, sauti ya chini ya kiume. Alipohamia kwenye kwaya anayoimba sasa akakuta besi wamejaa, ila wale wa tena, yaani sauti ya juu ya kiume, wako wawili tu na mmoja yuko mbioni kuhamia mkoa mwingine, basi mwalimu wa kwaya akamsikia anavyoongea akamwambia wewe kijana una sauti ya nguvu, kaa na tena. Hakupimwa kwenye kinanda na hakuulizwa akipanda juu anajisikiaje, pengo lilikuwepo akaliziba. Kwaya zetu nyingi zinapanga watu hivi hivi.

Kwa miaka miwili alimudu. Nyimbo nyingi za tena wa kwaya hazikai juu sana, na zile zinazopanda alikuwa anazivamia kwa nguvu, na kwakuwa spika ni kubwa na waumini wanapiga makofi hamna aliyeona shida, na zaidi alisifiwa. Shida ikaja na wimbo wa Pasaka. Ulikuwa kii ya G, yaani noti ya msingi wa wimbo ni G, na kwenye neno "amefufuka" tena wanatakiwa kushika ile silabi ya mwisho kwenye G iliyo juu ya C ya kati (ile C ya katikati ya kinanda), mapigo 4, na inarudi rudi mpaka mwisho, alafu karibu na kumalizia kuna sehemu wanagusa A.

Kwa wasiosoma nota: hiyo A ni ile ya hezi 440, yaani nyuzi za sauti zinagongana mara 440 kwa sekunde moja. G yake ni kama 392. Hizo nyuzi kwa mwanaume ni fupi, hazizidi sana sentimita 2 na nusu. Mtu akikwambia "kaza tu utafika" akumbuke ni kitu kidogo kiasi gani kinachokazwa.

Alivyokuja

Alikuja kwangu, mimi ni mwalimu wa sauti, mwishoni mwa Januari, sauti imekauka. Ilianza kukwaruza wiki ya Krismasi, ikaja mkesha wa mwaka mpya akaongoza mapambio usiku kucha, tarehe 2 akarudi kazini kuita abiria. Aliponisalimia nikajua leo hatuimbi. Alichokuwa anataka yeye ni kitu kimoja, "Mwalimu nipe mazoezi ya kupandisha sauti, Pasaka iko karibu."

Nikamuuliza anatumia nini kujitibu. Karafuu anatafuna kabla ya kuimba, tangawizi kali na ndimu, na asubuhi mayai mabichi mawili kama alivyoelekezwa na mzee mmoja wa kwaya. Nikamuuliza anakula saa ngapi, akasema gari inalala saa nne usiku, anakula chipsi pale kijiweni alafu anaenda kulala, na mara nyingi usiku anaamka kifua kinachoma.

Kwanini hatukuanza na mazoezi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumkatalia. Sauti ikikauka ikapitisha wiki 3 bila mafua wala kikohozi cha kueleweka, mtu anatakiwa aangaliwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwasababu huwezi kujua kwa kusikiliza tu kama ni uvimbe wa kawaida, vinundu, au kitu kingine kibaya zaidi. Ukimpa mtu mazoezi ya noti za juu kwenye nyuzi zilizovimba unamuongezea mgongano palepale pabovu. Alinuna kidogo lakini akaenda. Jibu likawa nyuzi zimevimba, hamna vinundu, na asidi ya tumbo inapanda usiku, akapewa dawa na maelekezo ya chakula.

Wiki mbili zilizofuata hakuimba kabisa, kwaya ilikuwa anakaa anasikiliza na kufuata nota kwa macho. Nilimkataza pia kunong'ona, watu wengi wanadhani kunong'ona ni kupumzisha sauti, hapana, wengi tukinong'ona tunabana koo. Aongee kidogo, kwa sauti laini ya kawaida. Chakula cha usiku alikirudisha mpaka saa mbili, anakula kabla ya mizunguko ya mwisho. Maji anywe siku nzima, mana maji unayokunywa hayagusi nyuzi moja kwa moja, yanapita njia ya chakula, mpaka mwili uyasambaze ndo yanafika, kwahiyo chupa nzima dakika 5 kabla ya kuimba haimsaidii mtu. Na kwa sababu hiyohiyo mayai na asali navyo havifiki kwenye nyuzi. Karafuu niliikataza kwa ukali zaidi kuliko vyote. Karafuu inatia ganzi, ndo mana watu wanaibana kwenye jino linalouma, sasa mwimbaji ukishatia ganzi koo umezima taarifa pekee ambayo ingekwambia simama.

Kazi ndo ilikuwa ngumu kuipanga. Huwezi kumwambia mtu aache kula yake. Tulichofanya ni kuongea kuhusu namna anavyoita: alikuwa anaitia juu, kwa koo, akishindana na honi na muziki wa gari. Hii ya mtu kupandisha sauti mwenyewe bila kujua akiwa kwenye kelele ilishaelezwa na daktari Mfaransa, Étienne Lombard, mwaka 1911, na konda anaishi ndani yake kutwa nzima. Akakubaliana na dereva muziki upungue wakiwa kituoni, akawa anaita kwa vipindi vifupi badala ya mfululizo, na kwa dereva anagonga bodi ya gari badala ya kupiga kelele "twende" au "shusha". Mpiga debe pale stendi mara nyingi alishakuwepo, ni yeye tu alikuwa anashindana nae.

Noti alikuwa nazo

Sauti ilipotulia ndo nikampima. Chini alishuka mpaka G ya mstari wa kwanza wa besi, imejaa na tamu. Juu alikuwa huru mpaka D, E inaanza kubana, F anaipata kwa kupiga kelele, kidevu kimepanda na mishipa ya shingo imesimama, F ya kupandisha nusu inapasuka. Ukiandika hapo utasema renji yake inaishia F na kazi yetu ni kumjengea noti ambazo hana.

Siku hiyo hiyo akawa ananisimulia kuhusu mama mmoja abiria waliyegombana nae chenji, na akawa anamuigiza sauti, "Konda, nimekupa elfu kumi mimi!" Mkono wangu ulikuwa kwenye kinanda nikatafuta ile pichi, yaani kimo cha sauti yake. Ilikuwa B, na mwisho wa sentensi ilikanyaga C ya juu, oktava nzima (noti nane) kutoka C ya kati. Imetoka laini, bila mshipa hata mmoja kusimama. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamuonyesha kitufe cha kinanda, nikamwambia Baraka, hii noti uliyoigiza iko juu ya ile A inayokunyima usingizi.

Kisa chote kimekaa hapo. Kupanda juu ni nyuzi kuvutwa zikawa ndefu na nyembamba, na kuna misuli inayofanya hiyo kazi. Kuna mingine inayozifanya nene na fupi, hiyo ndo inatupa sauti nzito ya kifua tunayoongelea wanaume. Baraka alikuwa na zote mbili zinafanya kazi vizuri, tatizo ni kwamba alikuwa anapanda na unene wote wa kifua mpaka F, pale nyuzi zinashindwa kuvutika huku zimekazwa, na kinachobaki ni kupasuka. Nguvu zaidi ya hewa inafanya zibanane zaidi. Noti zilikuwepo upande wa pili, kilichokosekana ni njia ya kupita.

Shida ikawa aibu. "Mwalimu hiyo sauti ya kike mimi siwezi kuitoa mbele ya watu." Hili nalichukulia kwa uzito, vijana wengi wanaachia hapa. Sikumlazimisha aitumie kanisani. Nilimwambia hii ni ya chumbani kwetu, ni kifaa cha kazi. Na kwakuwa nilijua ni mpenzi wa rumba za Kikongo nikamwambia akawasikilize upya wale waimbaji wao wa juu, amsikilize Papa Wemba, aniambie kama kuna mtu aliwahi kuona ile sauti nyembamba kuwa udhaifu. Alirudi amenyamaza kuhusu hilo, na hakulitaja tena.

Mazoezi yenyewe

Tulianza na mrija. Mrija wa kawaida wa juisi, glasi ina maji, ncha inazama kama sentimita 2 au 3, anatoa sauti "uuu" kupitia mrija mapovu yanatoka taratibu, alafu anapanda na kushuka kama king'ora. Uzuri wake ni kwamba njia ikiwa nyembamba mbele, hewa inarudisha msukumo kidogo nyuma, nyuzi zinatetemeka bila kugongana kwa nguvu. Mwanasayansi Ingo Titze wa Marekani ameyafanyia kazi sana mazoezi ya namna hii. Kwa konda yana faida nyingine, anaweza kuyafanya gari likiwa linasubiri zamu, dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku, na nilisisitiza hivyo, kidogo kidogo mara nyingi. Hakuna cha saa nzima.

Bila maji karibu anatetemesha midomo, brrr kama mtoto anayechezea gari, au anatumia ng'. Hapa sisi tuna bahati. Hiyo ng' ya ng'ombe tunaitoa tangu utotoni bila kufikiri, ulimi wa nyuma umepanda, sauti inasikika puani na usoni, koo liko wazi. Anapanda nayo kama king'ora kutoka chini mpaka juu kabisa polepole, pale inapotaka kuruka hasimami na hakazi, anapunguza sauti na kuendelea.

Zoezi lililofanya kazi kubwa kuliko yote ni la kushuka. Mwimbaji aliyezoea kuvamia ukimpa zoezi la kupanda anabeba uzito wake wote. Kwahiyo tukaanzia juu, kwenye A, kwa ile sauti nyembamba ya mama wa chenji, kwa "u" laini: so fa mi re do. Alafu nusu toni chini (hatua ndogo kabisa ya kinanda), anarudia, na kurudia, na sharti ni kwamba akishuka asiruhusu sauti idondoke ghafla kwenye kifua, aibebe ile wepesi mpaka chini ya E, hata kama inasikika dhaifu na ina hewa. Wiki ya kwanza ilikuwa inadondoka kila alipofika F. Wiki ya tatu ikaanza kupita, na siku moja akashuka mpaka D bila mshono wowote na mwenyewe akasimama ananiangalia.

Ndo tukageuza. Do mi so do so mi do kwa "mu", tunapanda nusu toni kila mara, na alama za kusimama ni tatu: kidevu kikipanda, mshipa ukisimama, au koo likiwasha. Ikitokea mojawapo tunarudi chini noti mbili na tunaishia hapo kwa siku hiyo. Baadaye nikaongeza la kushika noti moja, E alafu F, anaanza kimya, anakuza taratibu, anapunguza tena. Hilo ni gumu kuliko linavyoonekana na halifai kwa mtu ambaye bado sauti inaruka.

Kazi ya mwisho ilikuwa irabu. "Amefufuka" inaishia na "ka", na hiyo "a" ya kwetu imefunguka kabisa, ukiishika kwenye G ukiwa mwanaume inageuka kuwa kelele. Tukaizungusha kidogo, ndani ya mdomo anaielekeza kwenye "o" bila kuifikisha, taya linashuka, midomo inatulia. Ukisimama mita 5 mbele yake unasikia "ka" safi kabisa.

Na kila asubuhi kipimo: aimbe kipande kifupi cha wimbo wowote, juu, kimya kimya sana. Nyuzi zikiwa zimevimba zile noti za juu za kimya ndo zinapotea kwanza, zinachelewa kuanza au zinatoka hewa tupu. Ikiwa hivyo siku hiyo hamna mazoezi.

Makubaliano na mwalimu wa kwaya

Huku Pasaka inakaribia, nikaenda kuongea na mwalimu wa kwaya. Nilimuomba mambo mawili: wimbo ushushwe kutoka G mpaka F, ili ile G iwe F na ile A iwe G, na Baraka asiongoze mapambio yoyote wiki ya Pasaka. La kwanza mpiga kinanda alilipinga, sio kwasababu ni ngumu, kinanda kina kitufe cha kuhamisha kii, ila alisema wimbo utapoa. Besi nao wakasema chini kutakuwa kuzito. Soprano wakaunga mkono haraka, mana na wao walikuwa wanateseka juu kimyakimya. Ikashushwa. La pili lilikubaliwa kwa mdomo.

Kesha la Ijumaa Kuu

Aliyepangwa kuongoza mapambio hakutokea. Saa sita usiku Baraka akaitwa mbele. Nimeambiwa alianza vizuri, lakini spika zote zilikuwa zimeelekea kwa waumini, yeye alikuwa hajisikii, na mtu asiyejisikia anakaza, Lombard tena. Mpaka alfajiri sauti imekwenda.

Jumapili ya Pasaka asubuhi alinipigia, kipimo chake cha kimya hakikutoa kitu. Tukaamua aimbe sehemu za chini tu, na kwenye "amefufuka" aachie wenzake. Ilimuuma sana. Wiki nzima baada ya hapo tulirudi kwenye mrija peke yake, na sauti ilirudi ndani ya siku chache, sio wiki 5 kama Januari.

Pentekoste

Kutoka Pasaka mpaka Pentekoste ni wiki 7, na tulizitumia zote. Wimbo uleule uliimbwa tena siku ya Pentekoste, safari hii kwenye kii yake ya G, na Baraka alishika G kila ilipokuja, kidevu kimetulia. Sauti yake pale juu haikuwa kubwa kama ile ya Desemba. Ilikuwa nyembamba zaidi na inasafiri zaidi, nilikuwa nimekaa viti vya nyuma na nilimtofautisha na tena mwenzake bila shida. A aliigusa kwa wepesi, wenzake wakiwa wameifunika.

Kwa hesabu: noti anazoweza kuzitumia kwenye wimbo, maana noti ya kugusa mara moja chumbani siihesabu, ziliongezeka kutoka D mpaka F ya kupandisha nusu kwa raha na G kwa vipindi. Chini hakupoteza kitu.

Nnachokiona nikikiangalia kisa chote

Sehemu ya mafanikio lazima nimpe daktari na mapumziko. Uvimbe ukiisha noti kadhaa zinarudi zenyewe, na mtu akisema mazoezi peke yake ndo yalileta yote anazidisha. Lakini kupasuka akivuka F hakukuwa kwa uvimbe, kulikuwepo miaka miwili sauti ikiwa nzima, na kulikwisha pale tu alipojifunza kushuka kutoka juu. Hilo nina uhakika nalo.

Kushusha kii kulisaidia kuliko wanakwaya walivyodhani. Kuliwapa wote nafasi ya kujifunza wimbo bila hofu, na ulipopandishwa tena haukuwa mgeni kooni. Nashauri kwaya yoyote yenye wimbo wa juu ifanye hivi wakati wa kujifunza, kitufe kipo na hakina gharama.

Kilichofeli ni yale makubaliano ya mdomo kuhusu kesha. Mwalimu wa kwaya alikuwa na nia njema, ila hakukuwa na mtu wa akiba, na usiku wa manane wa ibada kijana mwenye karama hawezi kusema hapana kwa wazee. Ulinzi wa sauti ya mwimbaji hauwezi kuachiwa yeye peke yake. Waongozaji wawe watatu wanapokezana, na monita moja (spika ya mwimbaji kujisikia) igeuzwe kwa wanaoimba. Zoezi la king'ora kwa "a" nalo halikuzaa kitu kwake, lilimrudisha kwenye kelele kila mara, tuliliacha mapema.

Na kuna swali la kama ni tena kweli. Kwa rangi ya sauti, kwa namna chini kulivyojaa, na kwa pale inapogeukia, naona ni baritoni, sauti ya kiume iliyo kati ya tena na besi, na kwaya ya sauti nne haina mstari wa baritoni, kwahiyo watu kama yeye wanasukumwa juu au chini kulingana na pengo. Renji imeongezeka ila makazi ya sauti yake ni palepale katikati, na wimbo unaokaa F na G mwanzo mwisho utamchosha hata akifanya kila kitu sawa. Tumekubaliana na mwalimu wa kwaya aendelee na tena kwa nyimbo zinazoishia G, zile zinazokaa juu zaidi ahamie besi siku hiyo, na mwakani kila anayejiunga apimwe kwanza kwenye kinanda, pamoja na sauti ya kichwa, yaani ile nyembamba ya juu. Baraka bado anafanya mrija stendi, na A tumeipa mpaka Krismasi.